Jina la Ugonjwa Huja Mwisho: Mwongozo wa Kusoma Picha Ngumu za Hospitali

"Haya dokta, unaona nini?"

"Naona TB, mzee."

"Sijakuuliza jina la ugonjwa. Nimekuuliza unaona nini."

Wakati huo nilikuwa daktari wa mazoezi hapa Tanga, na aliyekuwa akiniuliza ni bingwa wa radiolojia aliyekuja kwa wiki mbili tu. Kwenye sanduku la mwanga palikuwa na eksirei ya kifua: pafu la kushoto jeusi kama kawaida, upande wa kulia weupe mtupu kutoka begani hadi chini. Nilitaja TB kwa sababu huku pwani ukitaja TB mbele ya eksirei ya kifua utapatia mara nyingi kiasi cha kukuharibu. Mzee hakubisha. Aliweka ncha ya kalamu kwenye koo la hewa, ule mstari mweusi unaoshuka katikati ya shingo, akasema: "Hili limekwenda wapi?"

Lilikuwa limevutwa kulia, kuelekea kwenye weupe. Maji yakijaa kifuani husukuma, hayavuti. Linalovuta ni pafu lililosinyaa. Kwa hiyo yale hayakuwa maji ya TB niliyokuwa tayari kwenda kuyatoa kwa sindano. Kuna kitu kilikuwa kimeziba njia ya hewa, pafu likanywea, na sindano yangu ingeingia pasipo na maji yoyote.

Mpangilio ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata mpaka leo picha inapokuwa ngumu. Nimeuandika kwa madaktari wa mazoezi, matabibu wa vituo vya afya na wapiga eksirei wenzetu, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuona kitu. Asiye wa fani naye atauelewa, maana sehemu kubwa yake ni adabu ya macho.

Hatua ya 1: Anza na bahasha

Kabla ya ugonjwa, hakikisha picha ni ya mgonjwa huyu, ya leo, na ya upande unaodhani. Siku ya kliniki tunaweza kuwa na akina Mwanaidi watatu kwenye benchi moja. Angalia alama ya kulia na kushoto. Ukiona ncha ya moyo inaelekea kulia, usikimbilie kusema mgonjwa kazaliwa na moyo upande usio wake. Kwanza muulize aliyepiga picha kama alama ilibandikwa sawasawa.

Kisha pima ubora. Ncha za ndani za mitulinga miwili ziwe umbali sawa kutoka miiba ya uti wa mgongo. Zisipolingana, mgonjwa alijipinda, na upande mmoja utaonekana mweupe kuliko mwingine bila ugonjwa. Hesabu mbavu za nyuma juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo: zikifika 9 au 10, alivuta pumzi vizuri. Zikiwa 7, mapafu yamebanwa na kila kitu kitafanana na nimonia. Picha ya mgonjwa aliyelala hukuza moyo. Wangapi wameandikiwa moyo mkubwa kwa sababu tu hawakuweza kusimama!

Halafu omba picha za zamani. Hili nalisisitiza kuliko yote katika hatua hii. Watu wetu hawatupi picha: ziko chini ya godoro au juu ya kabati, ndani ya bahasha ya kaki, mara nyingine zimegandana kwa unyevu wa bahari. Mwambie kijana aliyemleta mama yake apande baiskeli akazichukue. Kinundu kigumu cha pafu ambacho hakijakua kwa miaka miwili kwa kawaida si saratani, na filamu ya chini ya godoro itakupa jibu hilo bure, mahali ambapo kipimo kipya kingemgharimu mgonjwa nauli ya Dar es Salaam na siku tatu za kulala kwa ndugu.

Mama mmoja wa miaka 58, kutoka upande wa Pangani, alikuja na bahasha ya namna hiyo. Mgongo ulikuwa ukimuuma kwa miezi mitano. Huko alikotoka alishaanzishiwa dawa za TB ya uti wa mgongo, amezinywa wiki saba, na maumivu yanazidi. Nitamrudia kila tunapoendelea.

Hatua ya 2: Tazama kwanza, fomu baadaye

Hapa mabingwa wanabishana. Wapo wanaosoma fomu ya daktari kwanza, na wapo wanaoificha. Mimi niko katikati: naifunika fomu, natazama picha kwa pumzi mbili tatu, ndipo naifunua na kutazama upya. Fomu husaidia, lakini pia hufunga macho. Ikiandikwa "TB?" utaona TB.

Mtazamo wa kwanza una nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1975 Harold Kundel na Calvin Nodine wa Marekani waliwaonyesha mabingwa picha za kifua kwa sehemu moja ya tano ya sekunde. Jicho halina muda wa kutembea hapo, lakini walipatia takriban asilimia 70. Ni kama mchuuzi mzoefu kwenye mnada wa samaki, anayemjua changu na tasi kabla tenga halijatua. Jicho lake limekwisha kuona maelfu, nalo la bingwa vilevile: anajua kawaida inafananaje, kwa hiyo kisicho cha kawaida humchoma.

Ukichomwa namna hiyo, kumbuka mahali. Usiseme kitu bado.

Hatua ya 3: Zunguka nyumba nzima

Sasa kazi ya polepole. Kila msomaji ana njia yake ya kuzunguka picha, na haidhuru ni ipi mradi haibadiliki. Mimi kwenye kifua naanza na koo la hewa, nakwenda kwenye moyo, mizizi ya mapafu, pafu moja moja kwa kulinganisha, kiwambo, mbavu, mabega, kisha nyama za nje. Kwa mwanamke nahakikisha matiti yote mawili yapo. Nikishamaliza narudi kwenye vichochoro vinavyoficha wezi: nyuma ya mitulinga, nyuma ya moyo, chini ya mstari wa kiwambo, na kona nne za filamu.

Mzunguko huu si urasimu. Mwaka 2013 Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe waliwapa mabingwa 24 picha za sitiskani (CT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande) za mapafu wahesabu vinundu. Ndani yake walipachika picha ya sokwe aina ya gorila, mkubwa mara 48 ya kinundu cha kawaida. Mabingwa 20 hawakumwona, na mashine ya kufuatilia macho ilionyesha kwamba wengi wao walimtazama waziwazi. Walikuwa wakitafuta vinundu, na gorila si kinundu.

Mtego wa pili ni kushiba. Ukishapata kitu kimoja, moyo unaridhika na macho yanakaa. Huu ulininasa mimi mwenyewe. Mzee aliyekata mkonge maisha yake yote aliletwa kwa maumivu ya bega. Eksirei ya bega ilionyesha kiungo kimelika, ugonjwa wa uzee, nikaandika hivyo na kwenda kunywa chai. Miezi mitatu baadaye alirudi, kope la jicho la upande ule limelegea, mkono unamnyong'onyea. Nikaitoa filamu yangu ya kwanza. Kwenye kona ya juu, pale picha ya bega inapokamata kipande cha ncha ya pafu, palikuwa na weupe usio na haki ya kuwepo, na ubavu wa kwanza umeliwa. Saratani ya ncha ya pafu ilikuwapo siku ile ile nilipokuwa nikisifia ugonjwa wa uzee.

Tangu hapo nikipata kitu huwa najiambia kwa sauti, "Kimoja," kisha naanza mzunguko upya.

Kwenye picha za yule mama wa Pangani, pingili moja ya kiunoni ilikuwa imebonyea kama mkate uliokaliwa. Hiyo ndiyo iliyomwonjesha kila mtu TB. Kimoja.

Hatua ya 4: Eleza kama unamweleza mtu kwenye simu

Hii ndiyo hatua iliyomfanya yule mzee wa radiolojia anikemee, na ndiyo inayomtenganisha bingwa na mbashiri. Kabla hujataja ugonjwa, eleza ulichoona kwa maneno ambayo daktari aliye Lushoto, asiye na picha, angeweza kukichora: kiko wapi, kina ukubwa gani, kingo zake ni safi au zimechanika, ni kimoja au vingi, kina rangi gani, kimewafanya nini majirani.

Kwenye eksirei rangi ni tano tu: nyeusi ya hewa, kijivu cheusi cha mafuta, kijivu cheupe cha maji na nyama, nyeupe ya mfupa na chokaa, na nyeupe kali ya chuma. Damu, usaha, maji na saratani vyote vimo kwenye kijivu kimoja. Kwa hiyo anayekuambia "haya ni usaha" kwa kutazama rangi ya eksirei anakudanganya au anajidanganya. Sitiskani, iliyompiga mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, ilituletea namba, na namba hizo zimeitwa kwa jina la mvumbuzi wake, Godfrey Hounsfield: hewa ni −1000, maji ni 0, mafuta huzunguka −100, damu mbichi iliyoganda huwa kati ya 50 na 70 hivi, na mfupa ni mamia. Kuweka mshale juu ya uvimbe na kusoma namba ni kazi ya sekunde mbili. Ajabu ni wangapi hawaifanyi.

Sema kwa sauti, hata ukiwa peke yako. Mdomo unagoma pale jicho lilipolipua. Ukijikuta unasema "kuna kakitu hapa hivi," hujaona bado.

Nilipomweleza yule mama kwa sauti, ilikuwa hivi: pingili ya tatu ya kiuno, imebonyea mbele na nyuma. Pingili ya juu na ya chini ziko sawa. Nafasi ya diski, ule mto ulio kati ya pingili na pingili, juu yake nzuri, na ya chini nzuri. Hapo nikasita. Nzuri?

Hatua ya 5: Mahali ndipo penye nusu ya jibu

Ugonjwa una makazi. Kabla ya kuuliza ni nini, uliza kimetokea ndani ya kitu gani: pafu lenyewe, ngozi ya pafu, ubavu, au kati ya mapafu mawili?

Ziko mbinu za kujua. Vitu viwili vya rangi moja vikigusana, mpaka kati yao hupotea. Benjamin Felson wa Marekani ndiye aliyeieneza ishara hii kuanzia 1950. Ukingo wa kulia wa moyo ukifutika, tatizo liko pande la kati la pafu la kulia. Ukingo wa moyo ukibaki safi na kiwambo kikafutika, shuka pande la chini. Kitu kikiegemea ukuta wa kifua kwa mteremko mpana, huenda kimetoka ukutani; kikikutana nao kwa kona kali, pengine ni cha pafu.

Na ule weupe wa upande mzima ulioniaibisha: koo la hewa likisukumwa upande wa pili, ni maji mengi au uvimbe mkubwa. Likivutwa kuelekea weupe, pafu limesinyaa, au liliondolewa zamani, na kovu la upasuaji litakueleza. Lisipokwenda popote, inaweza kuwa nimonia iliyojaza pafu. Lakini pia huenda kuna maji yanayosukuma na pafu lililoziba linalovuta, kila moja likifuta kazi ya mwenzake. Hiyo hali ya tatu ndiyo ninayoiogopa, hasa kwa mtu mzima mvuta sigara.

Kwa uti wa mgongo, swali la makazi ni moja: diski imeliwa au imesalia? Vidudu kwa kawaida hula pingili mbili na diski iliyo katikati yao. TB huchelewa kuila diski kuliko bakteria wengine, mara nyingi huacha jipu baridi pembeni, tena baadaye lenye chembechembe za chokaa, lakini mwishowe huila. Saratani hukaa kwenye mfupa na kuiacha diski. Si sheria isiyovunjika, ila ukiivunja uwe na sababu.

Hatua ya 6: Shika ishara yenye majina machache

Kwenye picha ngumu utaona mambo sita saba. Mengi hayana thamani: "weupe kwenye pafu" una majina mia. Mwanafunzi huanza na kikubwa. Bingwa huanza na kile chenye orodha fupi, hata kikiwa kidogo.

Mifano ya kwetu ipo. Kwenye eksirei ya nyonga, kibofu kilichozungukwa na mstari mwembamba wa chokaa kama ganda la yai, kwa mtu aliyekua akiogelea mabwawa ya upande wa Muheza, ni kichocho mpaka ithibitike vinginevyo; TB nayo huweza kuweka chokaa, lakini kibofu chake hunywea. Mgonjwa wa korodani zilizovimba, ukaweka kifaa cha ultrasaundi na kuona vinyoo vinachezacheza ndani ya mirija ya limfu bila kuhama mahali, hao ni minyoo ya matende na mabusha, na orodha imeishia hapo. Uvimbe wa figo wenye namba za mafuta kwenye sitiskani karibu kila mara si saratani.

Na upo bundi. Pingili ya kiuno ukiitazama kwa mbele inafanana na uso wa bundi: viduara viwili vya mfupa ni macho, mwiba wa katikati ni mdomo. Jicho moja likitoweka, kuna kitu kimeula mfupa wa nyuma ya pingili, na kitu hicho mara nyingi ni saratani iliyosafiri kutoka kwingine. Bibi zetu walisema bundi akilia juu ya paa kuna msiba. Mimi wangu namwogopa akikonyeza.

Nikaichukua ile filamu ya mbele ya mama wa Pangani. Jicho la kushoto la pingili ya tatu halikuwepo.

Hatua ya 7: Andika majina, machache

Sasa ndipo majina yanaruhusiwa kuingia. Yawe matatu hivi: linalowezekana zaidi, linaloua upesi, na lenye dawa ambalo itakuwa aibu kulikosa. Orodha ya majina kumi na mbili haimsaidii daktari wa wodini. Ni namna ya kukimbia lawama.

Hapa mahali na mtu vinahesabiwa. Tundu kwenye ncha ya pafu la kijana wa Ngamiani anayekohoa na kukonda, TB inakaa juu kabisa, na makohozi yapelekwe leo. Tundu hilo hilo kwa mtu anayeishi na VVU mwenye kinga ya chini halitarajiwi sana, kwa sababu TB yake mara nyingi haitengenezi tundu na hupenda kukaa chini ya pafu au kwenye tezi. Wingi wa ugonjwa mtaani ni ushahidi. Ila hauishindi picha. TB ni ya kwanza kwenye orodha mpaka picha iseme hapana, na picha ya yule mama ilikuwa imesema hapana mara mbili: diski, na jicho la bundi.

Hatua ya 8: Jipinge

Chukua jina lako la kwanza uligeuze mshtakiwa. Kama ni kweli, ningetegemea kuona nini kingine? Kipo? Nini kipo ambacho hakilingani? Mwite mwenzio bila kumwambia unachofikiri. Ukimwambia "njoo uone hii saratani," umeshamharibu. Picha ikigoma kabisa, iache, soma nyingine tano, rudi. Ikigoma tena, hilo nalo ni jibu, na ripoti iseme kipimo gani kitaamua.

Hatua ya 9: Nenda kwa mgonjwa, ndipo uandike

Wasomaji wa picha tunapenda giza letu. Lakini mgonjwa yuko kwenye benchi, hatua kumi kutoka mlangoni. Nilitoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikamuuliza kuhusu homa, kikohozi, mtu wa nyumbani mwenye TB. Hakuna. Nikauliza kama ana uvimbe popote mwilini. Akanyamaza, akaangalia sakafu, akavuta ushungi. Nikamwita muuguzi wa kike, nikaondoka. Dakika tano hazikupita muuguzi akanifuata: titi la kulia lina jiwe kubwa kama limau, mama analijua tangu mwaka juzi, hakuwahi kumwonyesha mtu kwa sababu waliompima wote walikuwa wanaume na wote waliuliza mgongo tu. Kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe huo kilithibitisha: saratani ya titi.

Ripoti yenyewe iwe fupi. Jibu swali la daktari, eleza ulichoona, toa majina yako kwa mpangilio, sema hatua inayofuata. Jambo linaloua, kama hewa iliyobana pafu au damu ndani ya fuvu, halisubiri karatasi: piga simu, kisha andika saa uliyopiga na nani alipokea. Tena epuka neno "haiwezi kuondolewa kabisa uwezekano wa." Kama unauogopa uwezekano huo, sema unauogopa na sema kwa nini.

Hatua ya 10: Daftari

Nina daftari la mistari, lile la duka la kona. Safu ya kwanza namba ya picha, bila jina la mtu. Ya pili nilichosema. Ya tatu kilichotokea kweli, baada ya upasuaji, maabara, au mgonjwa kurudi. Safu ya tatu haijijazi yenyewe. Kila Ijumaa nazunguka wodi na maabara kuulizia. Wengi wetu hatuulizii, ndiyo maana mtu anaweza kusoma picha miaka 20 akiwa na uzoefu wa mwaka mmoja aliourudia mara 20.

Kwenye mstari wa yule mzee wa mkonge, safu ya pili imeandikwa "bega, uzee." Ya tatu nimeandika kwa kalamu nyekundu: "kona ya juu."